Televisheni ya jamii ina kesho gani? Swali kutoka Kilwa ya Ziwa Mweru

Msomaji wa Kiswahili akisikia jina Kilwa hufikiri kwanza Kilwa Kisiwani, ile ya pwani ya Tanzania yenye magofu ya msikiti wa kale. Kilwa ya makala hii ni nyingine. Ni mji wa bandari kando ya Ziwa Mweru, katika teritware ya Pweto, Jimbo la Haut-Katanga, kilomita zipatazo 350 kutoka Lubumbashi. Ng'ambo ya maji ni Zambia, upande wa Nchelenge. Watu wake ni wavuvi, wakulima, wachuuzi wa samaki na wale wanaoishi kwa kuvusha mizigo ziwani.

Tarehe 6 Juni 2005 mji huu ulionyeshwa kwa kirefu kwenye televisheni. Ulionyeshwa Australia, katika kipindi cha Four Corners cha shirika la utangazaji la ABC, kwa watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia habari za Ziwa Mweru. Walielezwa juu ya watu waliouawa Kilwa miezi minane kabla. Habari hiyo ilifika kwenye kioo kwa sababu mgodi uliotajwa ndani yake ulikuwa wa kampuni yenye makao Perth, na waandishi wa kule wakaona inawahusu wananchi wao.

Ndiyo sababu, tunapoulizwa katika makanisa yetu kama bado kuna maana ya kuchangia fedha kwa ajili ya televisheni ya jamii, tunaanza na Kilwa na wala si Kinshasa. Kinshasa ina vituo vingi mno. Swali gumu liko kwenye miji ambayo hakuna mfanyabiashara atakayeifungulia kituo, na ambayo habari zake zikitoka, zinatolewa na wageni.

Neno linalochanganya

Kwa Kifaransa cha ofisini husemwa télévision communautaire, na hapo ndipo Waprotestanti wa Kongo hujikwaa. Ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, ECC, kila dhehebu mwanachama huitwa communauté, nasi tunasema jumuiya: jumuiya ya Wamethodisti, jumuiya ya Wabaptisti, jumuiya ya Garenganze. Basi mtu akitangaza kanisani kwamba tunachanga kwa ajili ya televisheni ya jumuiya, washiriki huelewa televisheni ya dhehebu lao. Wanatoa sadaka wakitegemea kuona ibada zao, kwaya zao na mchungaji wao. Halafu wanashangaa kuona kipindi cha bei ya mahindi.

Katika makala hii tunasema televisheni ya jamii. Ni kituo kilicho cha watu wa mahali fulani kupitia chama chao, si cha mtu mmoja. Hakitafuti faida. Vipindi vyake vinatengenezwa na wenyeji, kwa lugha wanayoizungumza sokoni, na kuna kamati ambayo inaweza kumwondoa mkurugenzi. Hilo la mwisho ndilo kipimo tunachokiamini zaidi. Kituo ambacho hakuna mtu anayeweza kumwondoa mkurugenzi wake ni cha mkurugenzi, hata kikiitwa communautaire kwenye ubao wa mlangoni. Kwa kipimo hicho, kituo cha mbunge si cha jamii. Na kituo cha mchungaji mmoja, hata kikihubiri bure usiku na mchana, nacho si cha jamii.

Vituo vya namna hii vipo Kongo. Goma kuna Radio Télévision Communautaire Tayna, RTCT. Mashariki kuna mtandao uitwao RATECO, unaokusanya radio na televisheni za jamii. Katanga kuna REMACK, mtandao wa vyombo vya habari vya vyama na vya jamii. Lakini atakayekaa nao kidogo ataona kwamba kwa sehemu kubwa hivi ni vyama vya radio. Televisheni huja baadaye, kama mtoto wa radio: studio ile ile, jenereta ile ile, watangazaji wale wale, kisha kamera moja na mtambo mdogo. Radio ikiyumba, televisheni huanguka kwanza.

Kilichotokea Kilwa

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kikiongozwa na kijana aitwaye Alain Kazadi Makalayi kiliingia Kilwa bila mapigano makubwa. Wakati huo Kilwa ilikuwa mlango wa mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, ulioko kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, ukiendeshwa na kampuni ya Anvil Mining. Madini yalivushwa ziwani kwenda Zambia. Tarehe 15 Oktoba jeshi la serikali, brigedi ya 62 chini ya Kanali Adémar Ilunga, liliurudisha mji mikononi mwake. Kilichofuata kilichunguzwa na MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini: watu zaidi ya 70 waliuawa, na miongoni mwao kulikuwa na walioaminika kupigwa risasi wakiwa tayari wameshikwa. Wengine walizikwa katika kaburi la pamoja huko Nsensele, pembeni ya mji. Magari ya kampuni yalitumiwa na jeshi katika siku hizo. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri ya serikali.

Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi huko Lubumbashi. Hukumu ya tarehe 28 Juni 2007 iliwaachia huru wafanyakazi wa kampuni, na hakuna mwanajeshi aliyehukumiwa kwa mauaji ya Kilwa. Kanali alihukumiwa kwa kosa jingine. Mashirika ya haki za binadamu, ACIDH la Lubumbashi na RAID la Uingereza, yaliendelea. Yalijaribu Kanada, ambako Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa mwaka 2012 kusikiliza rufaa. Yakaenda kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Tunayasema haya katika makala ya televisheni kwa sababu moja. Katika hatua zote hizo, swali lililorudi ni ushahidi: nani aliona, nani alirekodi, karatasi iko wapi, picha iko wapi. Mashahidi walikuwa Kilwa na mahakama ilikuwa Lubumbashi, kilomita 350 za barabara mbaya. Picha zilizozunguka dunia zilikuwa mali ya shirika la Australia. Hatusemi kwamba kituo cha televisheni kingezuia mauaji. Jeshi lingekifunga kwa dakika tano. Tunasema kwamba mji wenye watu waliofundishwa kushika kamera, kuandika tarehe na kutunza mikanda, ni mji ambao hauombi kwa mgeni kumbukumbu ya wafu wake.

Televisheni ilivyoingia Katanga

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa tarehe 23 Novemba 1966. Kwa miaka mingi ilikuwa sauti ya mtawala mmoja, na vituo vya mikoani vilikuwa matawi yake. Hata hivyo, ndani ya tawi la Lubumbashi kulizaliwa kitu ambacho tungependa vijana wetu wa leo wakijue. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilikuwa likicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile chenye Kifaransa na Kibemba ndani yake, na watu waliacha sufuria jikoni ili wasikose. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilifuatilia kundi hilo mwaka 1986, lilipotengeneza mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kurekodiwa kijijini Kawama. Aliandika kitabu kizima juu yake. Mchezo huo ulipita kwenye kituo cha serikali, chini ya chama kimoja, na bado watu walijicheka na kuwacheka wakubwa wao. Inawezekana kabisa kwamba kwa lugha na maudhui kituo hicho kilikuwa cha jamii zaidi kuliko vingi vinavyojiita hivyo sasa.

Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 na kufunguliwa kwa vyama vingi, vituo binafsi vilianza kuota. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa habari iliweka utaratibu, na imefuatwa na sheria mpya ya tarehe 13 Machi 2023. Waliofungua vituo walikuwa wa aina tatu hasa: wafanyabiashara, wanasiasa na watumishi wa Mungu. Mara nyingi mtu mmoja alikuwa vyote vitatu.

Kituo cha mtu hufuata bahati ya mtu. Lubumbashi iliona hilo kwa Nyota TV ya Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga. Alipoingia upinzani kituo kilifungwa, mamlaka zikitaja kodi, na kikafunguliwa tena mwaka 2019 baada ya mabadiliko Kinshasa. Upande wa makanisa tunao mfano wa Radio Télé Message de Vie ya mchungaji Fernando Kutino mjini Kinshasa. Mwezi Mei 2006 alikamatwa baada ya kuhutubia mkutano wa kisiasa, na kituo chake kikavamiwa na watu wenye silaha. Unaweza kukubaliana na wamiliki hao au la. Waliopoteza kituo ni watazamaji, ambao hawakuwa na kura yoyote katika ugomvi.

Mnara na king'amuzi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hulisikia kama neno la kitaalamu na kulipita: kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Hapa ndipo kesho ya televisheni ndogo inapoamuliwa, nasi tunaomba msomaji avumilie kidogo.

Katika analojia, kila kituo kilikuwa na mtambo wake, antena yake na masafa yake. Mtambo mdogo kwenye mnara wa wastani uliutosha mji na vijiji vya jirani, mradi kusiwe na mlima katikati. Mtu aliyekuwa na seti ya zamani na waya juu ya bati aliona picha. Chama cha jamii kikichanga fedha mara moja, kinunue mtambo, kisimamishe mnara, kazi kubwa imekwisha. Kilichobaki ni mafuta ya jenereta na vipuri. Mnara ulikuwa wao.

Katika dijitali, mtambo mmoja hubeba vituo kumi au zaidi juu ya masafa yale yale ambayo zamani yalibeba kimoja. Ni akiba kubwa ya masafa. Lakini mtambo huo ni wa bei kubwa, hivyo serikali nyingi ziligawa kazi mara mbili: kampuni chache hupewa leseni ya kusambaza mawimbi, na vituo vyote vingine hubaki kuwa watengenezaji wa vipindi. Kituo hakimiliki tena mnara. Kinampa msambazaji vipindi vyake na kumlipa kila mwezi. Mtazamaji naye lazima anunue king'amuzi, au seti mpya yenye mfumo wa DVB-T2 ambao nchi za SADC, Kongo ikiwemo, ziliuchagua.

Fikiri maana yake kwa chama cha wavuvi. Zamani gharama kubwa ilikuwa ya mara moja, na kanisa au mfadhili angeweza kuibeba. Sasa ni kodi ya kila mwezi isiyo na mwisho, na hakuna mfadhili anayependa kulipa kodi ya nyumba. Na hata ukiwa na fedha hizo, lazima msambazaji awe amefika kwako. Yeye hujenga mahali penye wateja wa kununua ving'amuzi. Anaanza na Kinshasa na Lubumbashi. Mji wa ziwani hauko juu ya orodha yake.

Tarehe haikungoja. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka kwamba kuanzia tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya analojia hayatalindwa tena dhidi ya mwingiliano. Kongo, kama majirani wengi, ilifika siku hiyo haijamaliza kazi. Hivyo mitambo midogo ya analojia ikaendelea kwa kuvumiliwa. Anayeishi kwa kuvumiliwa hakopi fedha, hajengi studio, wala hamwajiri kijana kwa mkataba wa miaka mitano. Hali hiyo ndiyo tunayoiita mashaka. Kituo hakijafungwa, lakini hakuna aliyekiambia kwamba kinaruhusiwa kuishi.

Kuna wanaosema: satelaiti itatatua. Ni kweli dishi limefika mbali kuliko barabara. Lakini satelaiti inashusha tu. Inaleta Kinshasa, Paris na mpira wa Ulaya hadi Kilwa; haipandishi Kilwa. Nafasi juu ya satelaiti hulipiwa kwa eneo lote ambalo mawimbi yanafika, nchi kadhaa kwa pamoja, na hakuna chama cha kijiji kitakacholipa gharama hiyo ili kuwafikia majirani wa mtaa wa pili.

Majirani walivyopita

Tanzania ilizima analojia mapema, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji mingine kwa zamu. Wasambazaji watatu walipewa leseni, na mmoja wao, Agape Associates, alitoka upande wa utangazaji wa Kikristo. Tunalitaja kwa sababu watu wetu hudhani kanisa haliwezi kukaa upande wa mnara. Linaweza, lakini likikaa hapo linakuwa mfanyabiashara miongoni mwa wafanyabiashara.

Kenya ilitoa somo kali zaidi. Tarehe 14 Februari 2015 vituo vikubwa vya NTV, KTN, Citizen na QTV vilitoweka hewani na kukaa kimya kwa karibu siku 20, katika ugomvi juu ya nani atabeba mawimbi yao. Wamiliki hawakutaka kupitia kwa wasambazaji wawili waliokuwa na leseni, mmoja wa serikali na mwingine wa Kichina. Walitaka mtambo wao wenyewe. Walishindwa mahakamani, lakini mwishowe walirudi hewani wakiwa na mtambo wao. Walikuwa na mawakili, fedha na mamilioni ya watazamaji. Kituo kidogo kingenyamazishwa siku hizo 20 bila gazeti hata moja kuandika.

Zambia, ambayo wavuvi wa Kilwa huiona ng'ambo siku ya anga safi, ilikopa dola milioni 273 kutoka China, na kazi ya kusambaza ikapewa TopStar, kampuni ambayo shirika la taifa ZNBC lina asilimia 40 na StarTimes asilimia 60. Waliopinga mpango huo waliuliza kwa nini anga la nchi liwe na mwenye hisa mkubwa kutoka nje. Swali hilo halina mpaka wa ziwa.

Afrika Kusini ni moja ya nchi za bara letu zilizolipa jambo hili nafasi yake katika sheria. Huko utangazaji umegawanywa mara tatu: wa umma, wa biashara na wa jamii. Soweto TV ilianza mwaka 2007 na Cape Town TV mwaka 2008. Hata huko mambo hayajatulia. Kuzima analojia kulipangwa tarehe 31 Machi 2025, na siku chache kabla mahakama ya Pretoria ikasimamisha, kwa kuwa kaya nyingi maskini zilikuwa bado hazina ving'amuzi.

Na Australia, ile iliyoionyesha Kilwa? Mwaka 2014 waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Malcolm Turnbull, alitangaza kwamba televisheni za jamii zitaondolewa kwenye masafa na kuhamia intaneti. Kituo cha Sydney kilifunga mwaka 2015. Vya Brisbane na Perth vilifuata. Melbourne na Adelaide waliendelea kuomba nyongeza baada ya nyongeza, wakipewa mwaka mmoja, miezi kadhaa, mwaka mwingine. Nchi tajiri, yenye umeme kila nyumba, na bado swali ni lile lile la kituo cha kijijini kwetu: tutakuwepo mwakani?

Kinachogombewa ni masafa. Kampuni za simu zinayataka. Mkutano wa dunia wa mawasiliano wa mwaka 2015 ulithibitisha kwamba sehemu ya juu ya masafa ya televisheni iende kwa simu katika kanda yetu, ambayo ni Afrika pamoja na Ulaya. Mkutano wa Dubai wa mwaka 2023 uliiacha sehemu iliyobaki hasa kwa utangazaji, na suala litarudi mezani mwaka 2031. Kwenye meza hizo husikii sauti ya Pweto.

Basi tutumie simu?

Vijana wetu wanatuambia tuache minara na tuingie kwenye simu. Hawakosei kabisa. Simu moja leo inarekodi picha bora kuliko kamera kubwa za miaka ya tisini, na video ya mazishi ya Kilwa inaweza kumfikia mtoto wa marehemu aliyeko Lubumbashi au Ubelgiji siku hiyo hiyo.

Lakini kuna mambo matatu tunayowarudishia. Kwanza, kutazama video kunakula vifurushi, na muuza samaki hatatazama mjadala wa saa nzima kwa fedha ya chumvi. Mawimbi ya mnara ni bure kwa anayeyapokea. Pili, intaneti ina ufunguo, na ufunguo haushikwi na sisi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu wiki tatu, siku ambazo watu walihitaji habari kuliko siku nyingine zote. Tatu, video ya WhatsApp haina tarehe, haina mwandishi na haina ghala. Mwaka unaofuata inazunguka tena kama habari ya jana, ikiwa na maneno mapya ya uongo juu yake. Mtu anayejua Oktoba 2004 ataona mara moja hatari ya kumbukumbu za namna hiyo.

Ushauri wetu kwa makanisa

Tunaulizwa, na hatutaki kujificha. Kwa mji wa kadiri ya Kilwa, hatushauri kanisa lianze kwa kununua mtambo wa televisheni. Kongo bado ni nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Radio inatembea kwa betri, inasikika kwenye mtumbwi, na mtambo wake hula umeme kidogo kiasi kwamba paneli za jua zinautosha. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwezi Februari 2002, ilionyesha kwamba nchi nzima inaweza kuzungumza nayo kwa Kifaransa na lugha nne za taifa bila picha hata moja. Anayeweza kulipia radio ya jamii miaka mitano bila kukatika ndiye aanze kuota televisheni.

Ila tunashauri kutoacha picha. Kitengo kidogo cha video ndani ya radio, vijana wanne, wawili wakiwa wasichana, wenye kamera moja, maikrofoni nzuri (watu hununua kamera ghali na kusahau sauti) na diski mbili za kutunza kazi, moja ikae mji mwingine. Vipindi vionyeshwe kwa projekta ukumbini au uwanjani, ambako watu mia tatu hutazama kwa mafuta ya jenereta ya usiku mmoja na kubishana papo hapo. Nakala zipelekwe kwenye vituo vya Lubumbashi vinavyokubali, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba picha zinabaki mali ya chama. Sentensi hiyo moja husahaulika, na ndiyo inayogharimu baadaye.

Wale wenye kituo tayari, wanaorusha kwa analojia, wasingoje barua. Waweke karatasi zao sawa katika ofisi zote zinazowahusu: wizara, ARPTC inayosimamia masafa, CSAC inayosimamia maudhui tangu sheria ya mwaka 2011, na wakusanya kodi. Deni dogo la kodi limefunga vituo vikubwa. Halafu, kwa pamoja na si mmoja mmoja, kupitia REMACK na mitandao mingine, wadai jambo lililo ndani ya uwezo wa serikali: kila msambazaji anayepewa leseni abebe kituo kimoja cha jamii katika kila eneo analofika, bila malipo au kwa bei ya mfano. Msambazaji hapotezi kitu kikubwa, kwa sababu mtambo wake mara nyingi una nafasi tupu. Sisi hatujasikia hoja nzito dhidi ya jambo hilo, ila kwamba hakuna aliyelidai kwa sauti.

ECC ina nafasi ya pekee hapa kwa kuwa iko karibu kila teritware. Lakini ikubali kukaa kwenye kamati pamoja na Wakatoliki, Waislamu, chama cha wavuvi na akina mama wa sokoni, ikiwa na kura moja kama wao. Tukitaka kituo chetu wenyewe cha mahubiri, hakuna kosa; tukiite kituo cha mahubiri na tusikiombee msamaha wa kodi kwa jina la jamii.

Tumesema kesi ya Kilwa ilifika Tume ya Afrika. Uamuzi wake, uliotangazwa mwaka 2017, uliiambia Kongo ilipe dola milioni 2.5 kwa waathirika na familia zao, ifukue miili ya Nsensele na kuizika kwa heshima, ijenge mnara wa kumbukumbu, na iwaombe radhi watu wa Kilwa hadharani. Miaka iliyofuata, ACIDH na RAID walirudia kusema kwamba haijatekelezwa. Siku neno hilo la radhi litakaposemwa, huenda likasemwa kwa Kifaransa, katika ukumbi wa Kinshasa, mbele ya kamera za taifa. Wajane wa Kilwa watalisikia wapi, kwa lugha gani, na nani atakuwa amewapiga picha wao wakilisikiliza?